Anti, nimeshindwa kuimba na wananiambia ni laana ya ukoo

Shikamoo Anti,

Naomba usitaje jina langu manake kanisani kwetu akina mama wengi wanasoma safu yako na hii habari ikifika kwenye grupu la wasapu nimekwisha.

Mi ni mama wa miaka 34, naishi Mwanza, nauza nguo za mitumba za watoto pale Mlango Mmoja. Nina mume na mtoto mmoja wa kiume ana miaka 6, ana sikoseli. Aligundulika akiwa na mwaka na nusu, vidole vya mikono na miguu vilimvimba vikawa kama vitumbua, mi nikadhani kaumwa na mdudu, kumbe ndo ilikuwa inaanza. Tangu hapo maisha yetu ni kliniki, vidonge, dripu, tunatoka tunakaa miezi miwili tunarudi. Nikiwa sokoni simu ikiita tu moyo unapasuka, nawaza labda ni mwalimu ananiambia mtoto analia magoti.

Nimeokoka tangu nina miaka 19 na naimba kwaya sauti ya pili. Sikuwahi kukosa mazoezi ya Alhamisi hata nilipokuwa natoka wodini, narudi kuoga naenda kuimba, watu wananiambia we mama una imani. Na mi niliamini ninayo.

Sasa mwaka jana kulikuwa na semina kanisani, akaja mtumishi mgeni, nikampeleka mtoto aombewe. Akaniambia mbele za watu kwamba kwenye ukoo wangu kuna bibi aliweka agano na mizimu ndo maana damu ya mtoto imelaaniwa, na kwamba nikiendelea kumpa dawa namwambia Mungu simwamini. Akasema nipande mbegu itakayoniuma. Anti, niliuza cherehani yangu, ile niliyokuwa narekebishia nguo za dukani, shilingi laki moja na themanini, nikatoa zote. Na dawa nikaacha. Wiki tatu. Mtoto alikuwa anacheza vizuri kabisa nikaanza kuandaa ushuhuda kichwani.

Wiki ya nne usiku akaamka anapiga kelele, kifua na mgongo, homa inawaka. Baba yake akambeba mgongoni kwenye mvua mpaka barabarani kutafuta bodaboda. Tulilazwa siku tisa, akaongezewa damu chupa mbili, baba yake akazunguka kutafuta ndugu wa kuchangia. Daktari aliniuliza mama dawa anatumia? Nikasema ndiyo. Nilidanganya Anti. Nikiwa nimeshika Biblia.

Usiku mmoja pale wodini wote wamelala, mwanangu ananiambia mama mwambie Yesu aache, nikatoka nje kwenye korido nikamwambia Mungu maneno mabaya. Nilimwambia we Mungu hivi husikii au unafanya makusudi, mtoto wa miaka sita kakukosea nini. Nikajiogopa mwenyewe. Tangu siku hiyo sijaweza kuomba vizuri, nikifunga macho nahisi kama naongea na ukuta. Na kwenye kwaya ndo balaa, nasimama kwenye mstari wangu wanaanza, mi koo linafunga, nafungua tu mdomo kama samaki. Miezi mitano sasa hakuna aliyejua.

Mume wangu ndo kabisa, haendi tena kanisani, ananiambia nenda kwa Mungu wako mi nabaki na mtoto. Mama mkwe anasema haya mambo yametoka upande wetu, kwao hayapo. Na mtumishi alipopigiwa na mama mmoja wa maombi akasema muujiza ulikuwepo ila kuna mtu nyumbani alikuwa na shaka. Yaani mume wangu, au mimi.

La mwisho ndo linaninyima usingizi. Nina mimba ya miezi minne. Hatukupanga. Sijamwambia mtu yeyote zaidi ya baba watoto, naogopa watu watasema wewe na laana yako bado unazaa, naogopa na huyu naye atakuwa hivyohivyo.

Mahubiri yote nasikia kwamba mapito yanakuza imani, kama dhahabu kwenye moto. Mbona yangu inapungua? Nifanyeje ili nikue na mi?

Mama J., Mwanza

---

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikaiweka chini nikaenda kuosha vyombo, manake nilikuwa na hasira na nikijibu na hasira huwa naandika vitu mhariri anafuta. Sasa nimetulia kidogo, kidogo tu.

Tuanze na dawa kabla ya yote, kabla hata ya Mungu, na Mungu hatakasirika kutangulizwa hivyo. Umerudisha dawa? Hujaniambia. Kama hujarudisha, leo hii mpe ile foliki, na kuhusu haidroksiurea, ile dawa ya kupunguza mashambulizi ya maumivu, kama ndo anayotumia nenda kliniki wakupangie dozi upya, usijirudishie mwenyewe kwa kukisia, manake ile inaendana na uzito na kipimo cha damu. Na ukifika mwambie daktari ukweli, "niliacha dawa wiki tatu, nilidanganywa, na mimi nikakudanganya." Utatetemeka, sawa. Ila daktari akidhani mtoto alizidiwa huku anameza dawa kila siku anaweza kuona dawa haifanyi kazi akaibadilisha bure. Ndo maana nakutuma, sikutumi ukajidhalilishe. Madaktari wa watoto huo wimbo wanaujua, wewe si mama wa kwanza wala wa mia.

Haya sasa hiyo laana. Nisikilize vizuri na ukiweza msomee na mama mkwe.

Selimundu, yaani hiyo sikoseli, mtoto haipati kwa mzazi mmoja. Lazima apokee kinasaba kimoja cha ugonjwa huo kwa mama na kingine kwa baba. Wewe unacho kimoja, mumeo anacho kimoja, na nyie wote wawili mko wazima hamuumwi chochote, mkakutana, mkapendana, basi. Maana yake nusu ya hiyo "laana ya kwenu" imetoka kwa mumeo, na mumeo kaipata kwa mama yake au kwa baba yake, kwa hiyo mama mkwe asitafute mbali sana. (Usimwambie kwa sauti hiyo niliyotumia mimi.)

Na unajua kwa nini huku kanda ya ziwa iko kwa wingi? Malaria. Mtu mwenye kinasaba kimoja tu, kama wewe, malaria kali haimuui kirahisi kama wengine. Kwa hiyo vizazi na vizazi penye mbu wengi hao ndo walikuwa wanapona wakiwa wadogo wanakua wanazaa. Ugonjwa huohuo uko India, uko Ugiriki, uko Oman na Saudia, kote ambako malaria ilikaa sana, sasa na hao Wagiriki bibi yako ndo aliwawekea agano? Huyo bibi anayesemwa vibaya madhabahuni inawezekana kabisa alivuka utoto wake kwa sababu ya hicho kitu kilichokuwa kwenye damu yake. Mi nilipoelezwa hivi mara ya kwanza na nesi mmoja nilikaa kimya muda mrefu. Kitu kilekile kimemwokoa bibi na kinamuumiza kitukuu. Sina maelezo ya kiroho ya hilo na ukimkuta mtu anayo ya haraka haraka mkimbie.

Swali lenyewe ni la zamani. Yohana sura ya 9, wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu wanauliza nani alitenda dhambi, huyu au wazazi wake? Yesu akajibu, "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Jibu lilishatoka siku nyingi ila semina kila mwaka zinaliuliza upya, tena na bahasha.

Cherehani yako imeniuma jamani. Kwa kweli nimeifikiria hiyo cherehani kuliko vitu vingine vyote. Sikwambii ukadai, hutapewa na utazungushwa mpaka uumwe presha, ila ukipata mchezo wa vikoba au mtu wa kukukopesha bila riba, nunua nyingine hata kuukuu. Sehemu ya huzuni uliyonayo ni kwamba kazi ya mikono yako imepungua na pesa ya dawa inatoka humohumo. Na mtumishi yeyote akikwambia tena Mungu anataka kitu kinachokuuma, mwambie mwanangu analia magoti usiku, kinachoniuma ninacho tayari.

Sasa kuhusu zile wiki tatu. Unajilaumu, na mi sitakwambia hukukosea, manake wewe mwenyewe unajua na nikikufariji kwa uongo hutaniamini kwenye mengine. Uliacha dawa, mtoto akazidiwa. Ila angalia uliacha kwa nini. Mtu mzima mwenye maikrofoni alikwambia mbele ya watu mia kwamba dawa ndiyo inayomzuia mwanao kupona, na wewe ulikuwa umechoka miaka minne na nusu. Tubu, ndiyo, hilo la dawa na lile la kumdanganya daktari. Tubu mara moja, jioni moja, halafu uache. Usiwe kila ukimpa kidonge unatubu tena, mtoto anaona uso wako.

Nije kwenye korido.

Mwanangu, barua nzima umeniandikia kuhusu maombi, semina, kuombewa. Unajua sala gani moja kwenye barua yako niliyoiamini toka mwanzo mpaka mwisho? Ile ya kwenye korido. "Husikii au unafanya makusudi." Wewe unaiita maneno mabaya. Fungua Zaburi ya 88, soma yote, ni fupi. Yule mtu anamwambia Mungu wewe ndiye uliyenilaza shimoni, wewe umewatoa rafiki zangu, mbona unanificha uso wako. Na haimaliziki vizuri! Zaburi nyingi za kilio mwishoni kuna kamstari ka "lakini nitakusifu," hii haina, inaishia gizani, nukta. Halafu rudi juu kabisa uangalie yale maandishi madogo ya mwanzo ambayo huwa tunayaruka. Imeandikwa ni zaburi ya wana wa Kora, kwa mwimbishaji. Wana wa Kora walikuwa ukoo wa waimbaji wa hekaluni. Na mwimbishaji we unamjua, ndo yule mwalimu wenu wa kwaya wa Alhamisi anayewapigia meza mkikosea.

Umeelewa hapo? Hiki kilio cha mtu aliyekata tamaa kiliandikwa na wanakwaya, wakapewa mwalimu wakafundishwe, watu wakakaa mazoezini wakagawana sauti, wakaimba mbele za Mungu ndani ya nyumba yake. Maneno kama ya kwako ya korido. Hakuna aliyewatoa kwenye mstari.

Kwa hiyo unaponiuliza mbona imani yangu inapungua, mi naona kuna kitu kimepungua kweli, na kipungue tu. Kimepungua kile cha nimekuja mazoezi, nimefunga, nimetoa, sasa Wewe nipe mtoto mzima. Wengi tumelelewa humo, sikucheki, na mi nilikuwa hivyo. Mume wangu aliumwa figo, tukaomba kanisa zima, mikesha, akafa mwezi wa 11 nikiwa nimeshanunua kitambaa cha sare ya ibada ya shukrani. Kile kitambaa kipo kabatini mpaka leo sijakishona. Miezi kama minane baada ya pale sala yangu yote ilikuwa maneno mawili, nikiwa naosha vyombo, "Baba, nimechoka." Sikuongeza kitu. Kanisani nilikuwa nakaa mwisho wa benchi naacha nafasi yake pembeni yangu kama mjinga, mtu akitaka kukaa nasema kuna mtu. Nilidhani nimerudi nyuma kiroho. Nikikumbuka sasa hivi, naona huo ndo mwaka niliacha kumwigizia Mungu. Sikuona nakua hata siku moja, hakuna siku niliamka nikasema leo nimekua. Ila siku binti wa jirani alipofiwa nilienda nikakaa naye kwenye mkeka toka asubuhi mpaka jioni na sikumwambia hata mstari mmoja, wakati zamani ningefika na Warumi 8:28, ule mstari wa mambo yote kuleta mema, mkononi kabla hata sijavua viatu.

We bado unaongea naye. Umemkasirikia mtu unayeamini yupo pale. Mtu aliyeacha imani hatoki wodini saa nane usiku kwenda kumgombeza Mungu kwenye korido, anabaki kitandani analala.

Sasa hivi sala ndefu achana nazo. Kuna baba mmoja kwenye Marko 9 alileta mtoto wake mgonjwa, wanafunzi wakashindwa, mtoto anagaragara chini, na yule baba akasema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Yesu hakumwambia toa kwanza shaka nyumbani kwako ndo nikuhudumie. Mtoto aliponywa na baba yake akiwa na imani nusu. Chukua hayo maneno manne yawe sala yako unapomimina maji ya kidonge, asubuhi na jioni, imetosha. Ukishindwa hayo pia, mimina maji tu.

Kwaya usiache. Ila acha kufungua mdomo kama samaki. Mfuate mwalimu, au kama ni mgumu mfuate yule mmoja wa sauti ya pili unayekaa naye, mwambie "koo limefunga tangu mtoto alazwe, nitasimama tu." Usieleze yote, huna deni la kueleza. Simama wao waimbe. Yale maneno yakipita pembeni ya sikio lako wiki kumi, kumi na tano, siku moja utashtuka umeshika mstari katikati ya ubeti bila kupanga. Au hautashika, ila hutakuwa umesimama peke yako na siri.

Mumeo. Hapa naomba uniamini, manake wanawake wa kanisani huwa tunaharibu hapa. Usimvute. Usimtumie clip za mahubiri. Huyu alimbeba mtoto mgongoni kwenye mvua usiku, akazunguka kuomba watu damu, halafu akasikia kwamba mtoto alizidiwa kwa sababu ya shaka yake. Ningekuwa mimi ningechukua muda mrefu kurudi. Mwombe msamaha kuhusu dawa, manake naye ni mzazi na nadhani hukumshirikisha. Halafu mwambie jambo moja, "ile siku ulimbeba." Basi, umalizie hapo, mpakulie chakula.

Mama mkwe nimeshamsema, tusirudie.

Mimba. Hongera mwanangu. Nasema hongera kwa sababu kwenye barua yako sijaona hata mmoja aliyekwambia. Kila mimba yenu nyie wawili, mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuwa na selimundu, mbili kati ya nne ya kuwa kama nyie, amebeba tu haumwi, na moja kati ya nne hana kabisa. Haijalishi wa kwanza alikuwaje, hesabu inaanza upya. Sijakwambia atakuwa mzima, sijui mimi. Ila nenda kliniki ya wajawazito mapema na useme mtoto wa kwanza ana selimundu, waandike kwenye kadi, na akizaliwa apimwe akiwa mchanga usisubiri vidole vivimbe. Wakijua mapema wanaanza kumkinga na maambukizi kwa penisilini mapema, na hiyo inaokoa watoto wengi. Kumwambia mtu, tafuta mmoja tu mwenye mdomo mzito. Wa grupu la wasapu hapana.

Huyu mkubwa, unayajua ila nayataja kwa sababu sasa mwili wako utakuwa mzito na utasahau: maji anywe sana hasa jua kali, asiloe mvua wala kukaa kwenye maji ya ziwa muda mrefu, neti kila siku, na homa yoyote ni hospitali siku hiyohiyo, usisubiri asubuhi, usipitie kwanza kwa mtu wa kumwombea. Mwombeeni mkiwa kwenye bodaboda.

Na alipokwambia mwambie Yesu aache, hukuniandikia ulimjibu nini. Nahisi hukujibu. Akiuliza tena usimwambie ana imani ndogo, na usimwahidi kesho atapona. Mwambie mama alishamwambia, mama alimwambia mpaka akamgombeza. Mi najua atacheka, watoto wa miaka 6 wanapenda kusikia mama kamgombeza mtu mkubwa.

Niandikie kliniki walisemaje. Na Alhamisi uende.

Anti